Gasketi tatu ndani ya miezi kumi na minne, na Voxy bado inachemsha Kitonga

Swali: Shikamoo fundi. Nipo Iringa. Nina Toyota Voxy ya mwaka 2003, injini ya D4. Naitumia kupeleka vitunguu na nyanya kutoka Ilula hadi Morogoro mara mbili kwa wiki, na kurudi na mchele na nazi. Ndani ya miezi kumi na minne nimebadilisha gasketi ya silinda hedi mara tatu, rejeta mara moja na wota pampu mara moja. Thamostati, ile vali ya kudhibiti joto la maji ya injini, fundi aliitoa, akasema haina kazi huku kwetu. Kila nikitoka gereji gari linakuwa zima wiki tatu au mwezi, halafu siku moja nikipanda mlima Kitonga mshale wa joto unapanda na hita inaanza kutoa hewa ya baridi. Asubuhi injini inatetemeka, na oili inanuka petroli. Fundi anasema D4 ina mkosi, ninunue injini nyingine. Mume wangu anasema tuuze. Tatizo ni gari, ni fundi, au ni mimi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Hapo uliposema hita inatoa hewa ya baridi huku mshale unapanda ndipo gari lako lilipojieleza lenyewe, na ninasikitika kwamba kwa miezi kumi na minne hakuna aliyelisikiliza. Nitakujibu kwa urefu, maana kazi za kubahatisha umeshazilipia vya kutosha.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa dalili ulizozitaja, naamini gasketi zako zote tatu, zile sahani nyembamba za kuziba kati ya bloki (mwili wa injini) na hedi (kifuniko chake cha juu), hazikuwa na kosa. Kilichokufa ni hesi za bolti za hedi, yaani ile mizunguko iliyochongwa ndani ya matundu ya bloki ambamo bolti hushika. Hesi zikilika, bolti huonekana imekaza kumbe haijashika kitu. Injini ikipata moto na mzigo, hedi inanyanyuka kiasi cha unywele, na gesi ya silinda inapenya na kuingia kwenye maji. Kuweka gasketi mpya juu ya bolti zisizoshika ni kutandika shuka mpya kwenye kitanda kilichovunjika chaga.

Injini yako, hiyo mnayoiita D4, jina lake kamili ni 1AZ-FSE. Ni ya lita 2, silinda nne, kipenyo cha silinda milimita 86 na mwendo wa pistoni milimita 86. Toyota ilianza kuitumia mwaka 2000, na hapa kwetu imeingia kwa wingi sana ikiwa ndani ya Noah na Voxy za umbo lako, zilizotengenezwa kuanzia 2001 hadi 2007, na ndani ya Premio na Allion za lita mbili, Opa, Gaia, Nadia, Caldina, Isis na baadhi ya Wish. Bloki yake ni ya aluminiamu, ndani zimepachikwa silinda za chuma cha kalibu. Bolti zinazoshika hedi ni kumi, na ni za chuma.

Hapo ndipo penye ugomvi. Aluminiamu ikipashwa joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kila ukiwasha gari asubuhi ya baridi ya Iringa, ukalipandisha joto, kisha ukalizima likapoa, hedi na bloki zinatanuka na kusinyaa kwa kipimo kimoja na bolti kwa kipimo kingine, na mvutano wote huo unabebwa na hesi za aluminiamu. Kwenye injini hizi za mwanzo hesi zile zilikuwa fupi. Ndugu yake wa lita 2.4, injini ya 2AZ-FE, alileta malalamiko yaleyale kwa wenye Camry na RAV4 huko Marekani, na wenye Avensis ya D4 huko Uingereza waliyaona hayohayo. Baadaye Toyota ikarefusha sehemu ya hesi kwenye 2AZ kutoka milimita 24 hadi milimita 30. Milimita sita hazifikii hata unene wa penseli, lakini mtengenezaji habadilishi kipimo cha bloki bila sababu. Kwa hiyo usijione una bahati mbaya peke yako. Udhaifu huu una historia, na una dawa.

Bolti zinazotangulia kufa mara nyingi ni zile za katikati upande wa nyuma, unaotazama ukuta kati ya injini na abiria. Ndiko ekzosi iliko, kwa hiyo ndiko kwenye joto kali zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kufungua boneti, akatazama, asione tone la maji popote. Maji yanavuja kidogo sana huko nyuma, yanakaukia kwenye bloki yenye moto, na yanaacha ukoko wa rangi ya waridi au nyekundu kama kulanti (kimiminika cha kupozea injini) uliyotumia. Mwombe fundi achukue tochi na kioo kidogo cha mkononi atazame huko, chini ya manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa silinda), pale hedi inapokutana na bloki. Akikuta ukoko huo, karibu amemaliza uchunguzi.

Sasa hita. Mfumo wa maji unapoingiliwa na gesi kutoka kwenye silinda, gesi hiyo hukimbilia sehemu za juu, na mipira inayopeleka maji ya moto kwenye hita ipo juu. Pampu inasukuma maji, haiwezi kusukuma gesi. Hita inakosa maji ya moto, inapoa, wakati huohuo injini inaungua. Kwa mtu wa Dar es Salaam asiyewasha hita mwaka mzima, dalili hii inampita. Wewe wa Iringa umeiona kwa sababu ya baridi yenu, na imekupa ushahidi ambao mwenzio angeulipia.

Na kwa nini Kitonga, si Mikumi? Kwenye tambarare injini inafanya kazi nyepesi, shinikizo ndani ya silinda ni dogo, hedi inabaki imekaa. Ukianza kupanda kutoka Mbuyuni kuelekea Ilula umekanyaga mafuta muda mrefu, mwendo ni mdogo, hewa inayopita kwenye rejeta ni kidogo, na shinikizo la silinda linapiga kwa nguvu zake zote. Bolti zilizochoka zinaachia hapo. Hizo wiki tatu au mwezi wa uzima baada ya kila matengenezo nazo zina maelezo: gasketi ikiwa mpya hujaza ule mwanya kwa muda, kisha inashindwa.

Nina sababu ya kulisema hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana kwenye gereji Dar es Salaam, nililetewa Gaia yenye injini hii. Niliibadilisha gasketi. Ikarudi. Nikaibadilisha tena, nikasagisha na hedi, nikaamini nimemaliza. Ikarudi mara ya tatu. Siku hiyo nilikuwa nalegeza bolti taratibu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa sababu kijana aliyekuwa akinisaidia hakuwapo, na bolti tatu za nyuma zikatoka bila ule mlio wa kukata ambao bolti iliyokaza hutoa. Zilikuja juu na unga wa kijivu wa kung'aa umejaa kwenye mizunguko yake. Unga ule ulikuwa bloki ya mteja wangu. Nilimrudishia fedha zote za ufundi, lakini fedha za vipuri vya mara mbili na siku zake alizokaa bila gari sikuweza kumrudishia. Tangu siku hiyo sijafungua hedi ya AZ bila kuishika kila bolti kwa mkono wangu.

Kwa hiyo kabla hujatoa shilingi nyingine, taka vipimo. Cha kwanza ni cha bei ndogo: injini ikiwa ya baridi kabisa, mfumo wa maji unajazwa, unafungwa pampu ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko cha rejeta, na unapandishwa hadi shinikizo lililoandikwa kwenye kifuniko, ambalo ni karibu bar 1. Uachwe nusu saa. Geji ikishuka, maji yanakwenda mahali, na mahali hapo patafutwe. Cha pili ni kimiminika cha buluu kinachowekwa kwenye chupa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiwa inanguruma. Gesi ya moshi ikipita ndani yake, buluu inageuka kuwa njano. Cha tatu hakihitaji chombo: zitolewe plagi zote nne zipangwe mezani. Plagi iliyo safi mno, kama iliyooshwa, kando ya wenzake wenye rangi ya kahawia, imetoka kwenye silinda inayokunywa maji.

Jambo moja la hatari unapaswa kulijua kuhusu mshale wa joto. Kwenye Toyota nyingi za miaka ile mshale haufuati joto hatua kwa hatua. Umetengenezwa utulie katikati kwa upana mkubwa wa nyuzi joto, na ukianza kupanda, joto limeshapita pa kupita. Zaidi ya hayo, maji yakiisha kabisa, kile kipima joto kinabaki hewani badala ya ndani ya maji, na mshale unaweza hata kushuka huku injini inaungua. Kwa hiyo hita ikianza kupoa, wewe tayari umeonywa. Usisubiri mshale. Toka barabarani, zima, na usiguse kifuniko cha rejeta mpaka mpira wa juu uweze kuushika kwa mkono. Kule juu kwenu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Ukifungua kifuniko injini ikiwa moto, maji yote yaliyokuwa yamezuiwa na shinikizo yanageuka mvuke palepale usoni mwako. Nimeona watu walioungua namna hiyo, na makovu hayafutiki.

Tukichukulia vipimo vimethibitisha, kazi ya kweli ni hii. Hedi inafunguliwa. Bolti zinalegezwa kuanzia za pembeni kwenda katikati, kila moja ikisikilizwa, na zinapangwa kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa matundu kumi ili ijulikane ipi imetoka wapi. Kisha bloki, ikiwa bado ndani ya gari au imetolewa, inatobolewa kwenye kila tundu kwa drili inayoongozwa na bamba maalumu ili isiyumbe, inachongwa hesi kubwa zaidi, na ndani yake inafungwa bushi ya chuma yenye hesi nje na hesi ndani. Bolti sasa inashika chuma, si aluminiamu. Zipo bushi nzima za aina ya Time-Sert zilizotengenezwa kwa kazi hii, kipimo cha milimita 11 chenye hatua ya 1.5, na zipo koili za waya ambazo ni rahisi kuzipata. Kwa bolti ya hedi mimi nachagua bushi nzima. Koili ya waya nimeitumia mahali pengi na ninaiheshimu, ila kwa kazi inayobeba hedi ya gari linalopanda Kitonga mara mbili kwa wiki siipendekezi.

Na yafanyiwe matundu yote kumi. Usikubali mtu akwambie saba yaliyobaki bado ni mazima, tufanye matatu tu. Saba hayo yana umri uleule na yamechemka safari zilezile. Ukiyaacha, utafungua hedi tena mwakani.

Kazi hii si ya chini ya mwembe. Inahitaji tundu lisimame wima kabisa, na drili ya mkononi bila bamba la kuiongoza itatoboa mshazari, bloki iwe imeharibika moja kwa moja. Kama Iringa hupati mtu, ulizia kwenye karakana za mashine za SIDO au kwa walimu wa ufundi wa VETA wakuelekeze mchongaji anayeaminika. Dar es Salaam pale Gerezani wapo watu ambao hii ndiyo kazi yao ya kila siku. Ni afadhali bloki isafiri kwenda kwa mkono sahihi kuliko kumleta mtu anayejifunza kwako.

Hedi nayo ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vile vibao vyembamba vya kupimia nafasi, fila geji. Uso unaokaa kwenye bloki usipinde zaidi ya milimita 0.05. Hedi yako imeshachemka mara kadhaa na imeshafunguliwa mara tatu, kwa hiyo uliza imesagwa mara ngapi, kwa sababu kila kusaga kunaipunguza, na ina mwisho. Uso wa bloki upimwe pia. Hili husahaulika sana: watu wanaipeleka hedi kwa mchongaji inarudi inang'aa kama kioo, wanaikalisha juu ya bloki ambayo hakuna aliyeitazama.

Gasketi iwe halisi, ya tabaka za chuma. Bolti ziwe mpya. Kwenye injini hii bolti hukazwa kwa kipimo cha nguvu kwanza, kwa toki renchi, kisha zinaongezwa robo mzunguko, na robo ile inazivuta zirefuke. Bolti iliyokwisha kuvutwa mara nne, ya kiwandani na zako tatu, haina tena msuli wa kutoa. Matundu yasafishwe na yakaushwe kwa upepo. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti inapoingia inaisukuma bila pa kwenda na inaweza kupasua bloki. Ukaze uanzie katikati kwenda nje. Fundi asiye na toki renchi, akakwambia mkono wake unajua, mshukuru umuage. Mkono wangu nina miaka mingi nao, na bado hauijui tofauti ya robo mzunguko wa bolti ya kumi na ile ya kwanza.

Twende kwenye thamostati, ambayo nayo inahusiana na harufu yako ya petroli. Usemi kwamba haina kazi kwenye nchi za joto nimeusikia tangu nikiwa mwanafunzi, na umeharibu injini nyingi. Thamostati ya injini yako huanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake haraka na kuiweka hapo. Ukiitoa, injini inakwenda ikiwa ya baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai kwenu huko. Kompyuta ya gari ikiona injini ni ya baridi inaongeza petroli, kama vile unavyoongeza kuni jiko likikataa kushika. Petroli ile haiungui yote. Nyingine inateremka kwenye kuta za silinda na kuingia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, inanuka, na vyuma vinasuguana. Juu ya yote, joto la injini linapanda na kushuka kwa kasi kubwa zaidi, jambo ambalo ni adui wa hesi zilezile tunazozilalamikia. Nunua thamostati mpya, irudishwe. Bei yake ni ndogo kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja.

Hata hivyo petroli kwenye oili ina mlango mwingine kwenye injini hii. D4 maana yake petroli inanyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa shinikizo la bar 80 hadi 130, wakati injini za kawaida hunyunyiza nje ya vali kwa bar 3 hivi. Shinikizo hilo linatoka kwenye pampu inayosukumwa na kamshafti, ile shafti inayofungua vali, pale juu ya hedi. Sili ya ndani ya pampu ikichoka, petroli inateremka moja kwa moja kwenye oili. Namna ya kutofautisha ni hii: badilisha oili, rudisha thamostati, kisha kila asubuhi kabla ya kuwasha angalia kijiti cha oili na uandike. Kiwango kikipanda badala ya kushuka, na harufu ikirudi ndani ya wiki, pampu ndiyo yenye kosa. Usiendeshe mbali ukiwa na oili ya namna hiyo.

Kutetemeka kwa asubuhi kuna uwezekano mkubwa kukawa masizi. Kwenye injini ya kawaida petroli huzipiga vali za kuingizia hewa na kuziosha kila mara. Kwenye D4 haizigusi. Mvuke wa oili na moshi wa ekzosi unaorudishwa ndani ya injini unagandia pale, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ya hewa inakuwa kama chimni ya jiko la kuni. Dawa za kumimina kwenye tangi haziwezi kufika huko, kwa sababu petroli yenyewe haipiti huko, na ninasikitika kila nikiona mtu amenunua chupa tatu. Lazima manifoldi ya kuingizia hewa ifunguliwe, vali na njia zake zisafishwe kwa mkono. Kwako hedi inafunguliwa hata hivyo, basi kazi hii ifanyike siku hiyohiyo, na boksi la throto pia. Mafuta nunua kwenye kituo chenye wateja wengi. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchanganyaji wa mafuta ya taa ulikuwa umekithiri, na injini ya D4 haivumilii mchezo huo wala maji kwenye tangi.

Kuhusu kununua injini nyingine, sikatazi, lakini uliza maswali kabla. Injini ya mtumba ya 1AZ-FSE itakuja na hesi zilezile fupi, na umri wake ni miaka ishirini hivi. Hujui ilichemka mara ngapi huko ilikotoka. Ukiamua kuinunua, wekewa bushi kabla haijaingia kwenye gari, ikiwa mezani, kazi ni nyepesi zaidi. Wengine watakushauri ufunge 1AZ-FE, ambayo haina D4. Ni injini nzuri zaidi kwa mazingira yetu, ila inadai kompyuta yake, waya zake na mfumo wake wa mafuta, na nimeona magari mengi yaliyoachwa nusu njia na waya zinaning'inia. Kumbuka pia namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha itakubidi uende TRA, mamlaka ya mapato, kurekebisha kumbukumbu. Kwa gari lako mimi ningetengeneza bloki iliyopo, mradi silinda na pistoni zake ziwe bado nzima. Zikiwa zimekwaruzwa kwa sababu ya oili iliyochanganyika na petroli, hapo hesabu inageuka, na injini nyingine inakuwa na maana. Jibu hilo litapatikana tu hedi ikiwa imefunguliwa na mtu anayetazama.

Kuuza? Ukiliuza likiwa hivi bila kusema, atakayelinunua atakwama Kitonga na watoto wake usiku. Ukisema ukweli, utapewa bei ya chuma chakavu. Ndiyo maana nataka kwanza ujue linaumwa nini.

Ulihitimisha kwa kuuliza kama tatizo ni gari, ni fundi au ni wewe. Gari lina udhaifu wa kuzaliwa, nimeshaueleza. Fundi wako amekosea kwa kubadilisha kitu kilekile mara tatu bila kuuliza kwa nini kinakufa, na kwa kuutoa ule ulinzi wa thamostati. Sisemi ni mtu mbaya. Mimi pia nilifanya hivyo. Lakini mkosi si jina la ugonjwa wa injini.

Na wewe una sehemu yako, nayo naisema kwa upendo. Voxy ni gari la abiria wanane. Wajapani huhesabu kila abiria kilo 55, kwa hiyo mzigo wake wote pamoja na wewe uliyekaa kwenye usukani ni kama kilo 440. Gunia la vitunguu kisheria lisizidi kilo 100, na sote tunajua lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kipimo) za Ilula zinavyokuwa. Weka magunia manne na matenga ya nyanya juu yake, hata ukiwa unateremka, gari limeshapita uwezo wake, breki zinalia na boksi la gia linachemka pamoja na injini. Ukirudi na mchele, ni kupanda na mzigo uleule. Baada ya matengenezo, beba kilo 350 na uongeze safari, au mkodishe gari la mizigo na wenzako. Najua inakula faida. Ukipanda Kitonga, weka gia ya chini mapema, usisubiri gari lichoke ndipo uteremshe, zima kiyoyozi, na usimfukuze mwenye lori.

Maji ya bomba au ya kisima kwenye rejeta yaishe leo. Tumia kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled water), yale ya kuongezea betri yasiyo na asidi. Maji yenye chumvi yanaila aluminiamu kutoka ndani, na bushi mpya hazitasaidia kitu kama uso wa bloki kandokando ya njia za maji umeshaoza.

Ukienda kwa fundi, mpya au huyohuyo, usimwambie badilisha gasketi. Mwambie: nipimie mfumo wa maji kwa shinikizo, na ukifungua hedi nataka niwepo bolti zikilegezwa. Simama pale. Zikitoka, zipange kwa mpangilio wake, zipige picha kwa karibu, kila moja upande wa hesi, pamoja na picha ya yale matundu kumi ya bloki baada ya kufutwa. Nitumie. Nikiona ule unga wa kijivu kwenye bolti za nyuma nitakuandikia siku hiyohiyo orodha ya vipuri na vipimo vya kumpa mchongaji, na nisipouona nitakwambia pia, ili tutafute pengine kabla hujafunga gasketi ya nne.